Kikombe Kimoja

Mama alituosha nyuso kwa kikombe kimoja cha maji,
watoto watano, kule Mvumi,
mwaka ule uwele ulipokauka ungali na maziwa.
Kila mmoja kiganja chake, wala hukopi cha mwenzio.
"Inzi hana haya," alisema.
"Ukimpa jicho moja, kesho anakuja na posa ya la pili."
Yeye alikwisha kuoza yote mawili.

Vikope vilimla taratibu.
Kope zilijikunja kwa ndani, zikakwangua mboni
miaka na miaka, kama jiwe la kusagia,
na hapakuwa na siku ambayo mtu angesema: ni leo.
Kwa hiyo alfajiri alitukagua kwa vidole,
kidole pembeni mwa jicho, kidole puani,
akitafuta tongotongo.
Aliyekutwa nazo
alirudi foleni.

Sasa nina miaka arobaini na minane.
Cherehani yangu iko Majengo, mkabala na wauza karanga,
na bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Mwezi wa saba, siku za upepo wenye vumbi,
nilimsindikiza jirani yangu Matika zahanati.
Nilikaa tu kwenye benchi, nikishika mkoba wake.
Muuguzi akauona mkono wangu hauna kazi:
"Na wewe dada, lete."

Mimi ndiye mpimaji. Najua viuno vya nusu ya Chang'ombe,
najua nani kanenepa tangu Pasaka na nani anabana pumzi.
Shingoni mwangu futi inaning'inia kutwa,
na haijawahi hata siku moja kunizunguka mwenyewe.

Mpira ukabana. Ukapumua.
Mia moja sitini na nane, chini yake mia na mbili.
Nikamwambia, mbona siumwi popote?
Akaandika kwanza, ndipo akajibu:
"Ndivyo unavyoumwa."

Jioni hiyo nilipika mlenda, nikaiacha chumvi kabatini.
Mama akachovya tonge, akatafuna, akasikiliza.
"Nani amefariki humu ndani?
Mboga hii imefiwa."
Nikamweleza. Alinyamaza mpaka ugali ukapoa.
"Inauma?"
"Haiumi, mama."
"Basi hiyo ndiyo mbaya. Yangu iliuma,
na hata hivyo nilizoea."

Tangu hapo bodaboda wa kona ananinunia.
Naenda kwa miguu, Chang'ombe hadi sokoni,
nikikwepa mashimo na salamu ndefu,
na mama akiwa mlangoni husikiliza kandambili zangu
mpaka zinapotelea kwenye kelele za mashine ya kusaga.
Akiniuliza jioni, "Mbona leo ulisimama pale kwa muuza chapati?"
sina pa kujificha.

Lakini nisijipambe. Harusi ya mtoto wa Chilongani
nilichovya nyama kwenye chumvi kama mbuzi wa Kongwa,
nikacheza, nikalala, nikaamka mwepesi,
nikasema moyoni: mtu mzima wa afya anameza dawa ya nini?
Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikaona mwenzake kapita.

Siku ya tatu, kabla jogoo hajamaliza,
nikasikia mkono unapapasa dirishani,
karatasi ya vidonge ikilia krr, krr.
Alikuwa akisoma vile vijumba kwa ncha za vidole,
vilivyobonyea na vilivyovimba,
kidole kimoja kimoja, kama pembe za macho yetu.
Akafika kwenye viwili ambavyo havikupaswa kuwepo.

"Mbukwa, Nyemo."
"Mbukwa, mama."
Hakugomba. Aliinuka, akaufuata ukuta hadi mtungini,
nikasikia maji yakipanda kwenye bati,
hayakumwagika hata tone,
na mkono wake ukanyooka gizani, kushoto kidogo ya nilipo,
ukashika kikombe, ukasubiri.

"Rudi foleni," alisema.